Linux Inapokataa Kusakinishwa: Utaratibu wa Kutafuta Kosa Kabla ya Kuitupa Kompyuta

Maandishi ya mada iliyotolewa Songea kwa walimu wasimamizi wa vyumba vya kompyuta, watumishi wa zahanati na watendaji wa kata



Katika stoo za shule na za ofisi hukutwa kompyuta zilizopangwa ukutani, nyaya zimezungushiwa juu yake na vumbi jekundu limetanda. Msimamizi akiulizwa habari zake, jibu huwa fupi: mbovu. Akiulizwa ubovu wenyewe ni upi, jibu huwa la mashaka: zilijaribiwa kuwekewa mfumo mpya kwa diski, zikakataa. Mada hii yahusu neno hilo, "zikakataa". Kompyuta haikatai bila sababu, na mara nyingi sababu hiyo huandikwa kwenye kioo, ila hapakuwa na mtu aliyesimama kuisoma.

Linux ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoamka kwanza na kuziwezesha nyingine zote kufanya kazi. Ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, na umekuzwa na maelfu ya waandishi wa programu duniani kote. Unapatikana bila malipo ya leseni, nao unaruhusiwa kunakiliwa na kugawiwa. Si mgeni nchini. Mwaka 2004, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliendesha mradi wa Kilinux, uliozaa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Mwaka huohuo ulitolewa mfumo wa Ubuntu, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, wenyewe walimtumia diski kwa posta, bure, mtu yeyote aliyeomba. Diski nyingi za namna hiyo zilifika Afrika Mashariki.

Haja ya jambo hili imeongezeka karibuni. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Nyingi kati ya hizo bado zina nguvu ya kuandikia barua, kutengenezea mitihani na kufungulia kurasa za intaneti. Hapo ndipo Linux huingia. Lakini programu zilizotengenezwa kwa Windows peke yake kwa kawaida hazitafanya kazi ndani yake. Kwa hiyo mali ya umma haibadilishwi mfumo kabla Afisa TEHAMA hajaulizwa na kuridhia.

Mfano wa shule moja

Na ichukuliwe mfano wa shule ya sekondari ya kata yenye kompyuta sita kuukuu. Mwalimu wa kompyuta amepakua faili la Linux kwa kifurushi cha usiku, akalichoma kwenye diski, akaanza kazi Jumamosi asubuhi. Ya kwanza iliipuuza diski na kufungua Windows kama kawaida. Ya pili ilionyesha maandishi machache ikaganda. Ya tatu iliingia giza. Ya nne na ya tano zilifika katikati zikasimama, zikaleta ujumbe wa kosa. Ya sita ilimaliza vizuri, lakini ilipozimwa na kuwashwa haikuonyesha kitu. Jioni mwalimu aliandika kwenye daftari: diski mbovu, kompyuta mbovu.

Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka. Mkulima wa Ruvuma akiona mahindi hayakuota hakimbilii kulilaani shamba. Hufukua mashimo mawili matatu atazame mbegu: imeoza, imeliwa na mchwa, au haikuwamo kabisa. Kisha hukumbuka ilivyopandwa na kina chake. Udongo huja mwisho, kwa sababu udongo ndio ulio ghali kuubadilisha. Katika kazi hii mbegu ni faili lililopakuliwa, kupanda ni kuchoma diski na kuisoma, na udongo ni kompyuta yenyewe. Kinachokaguliwa kwanza ni kile ambacho ni rahisi kukikagua.

Mbegu: faili na diski

Kupakua faili kubwa kwa mtandao wa simu hukatika mara kwa mara. Faili linaweza kuonekana limekamilika kwa jina na kwa ukubwa, kumbe ndani limeharibika. Kwa sababu hiyo, kando ya kila faili wenye mfumo huchapisha alama ya uhakiki, mstari wa herufi na tarakimu 64 uitwao SHA-256. Katika Windows msimamizi hufungua dirisha la amri, akaandika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Mstari utakaotokea ukilingana na ule uliochapishwa, mbegu ni njema. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, faili hilo lipakuliwe upya. Hakuna haja ya kuendelea kuigusa kompyuta.

Kosa la pili ni la uchomaji. Faili la Linux, ambalo jina lake huishia kwa .iso, ni taswira ya diski nzima. Halinakiliwi kama barua. Huchomwa kwa chaguo maalumu la kuchoma taswira. Dalili ya kosa ni nyepesi kuiona: diski ikifunguliwa ikaonekana faili moja tu kubwa, imechomwa vibaya, yakionekana mafolda na mafaili mengi, imechomwa sawasawa. Aidha, uchomaji wa kasi ndogo hupunguza makosa, na programu nyingi za kuchomea zina chaguo la kuhakiki diski baada ya kazi. Dakika chache za uhakiki huo huokoa siku nzima.

Ukubwa nao uangaliwe. CD hubeba megabaiti 700, na DVD ya kawaida gigabaiti 4.7. Ubuntu ilianza kuzidi CD tangu toleo la Oktoba 2012, na toleo lake la 2024 limezidi hata DVD ya kawaida, hivyo hulazimu kutumia flashi. Kompyuta zisizoweza kuanzia kwenye flashi zitafutiwe mfumo mdogo zaidi, kama Debian, ambayo ina faili dogo la kusakinishia linalochukua mengine kwa mtandao.

Ilisimamia wapi?

Mbegu ikishathibitishwa, swali linalofuata ni moja: kazi ilisimamia wapi? Kompyuta sita za mwalimu wetu zilionyesha vituo tofauti, na kila kituo kina ugonjwa wake.

Kompyuta ya kwanza haikuugua. Iliagizwa zamani kuanzia kwenye diski kuu, nayo ikatii. Mara tu inapowashwa hubonyezwa F12, F9 au Esc, kwa kadiri ya mtengenezaji, na orodha ya vifaa vya kuanzia hufunguka. Hapo huchaguliwa kisomea diski. Kisomea cha CD cha zamani hakiwezi kusoma DVD, na hilo huandikwa usoni pake. Vilevile vumbi la kiangazi hutanda kwenye lenzi. Kabla ya kukihukumu kisomea, kijaribiwe kwa diski nyingine inayojulikana kuwa nzima.

Kompyuta ya pili iliandika sababu yake waziwazi, kwamba mfumo unahitaji kichakataji cha biti 64 na hapa kimepatikana cha biti 32. Mashine hiyo ni nzima. Imepewa mbegu isiyo ya udongo wake. Debian 12, ya mwaka 2023, ilikuwa na kisakinishi cha biti 32. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina. Kwa hiyo mashine za namna hiyo bado zina njia, ingawa njia hiyo inazidi kuwa nyembamba.

Kompyuta ya tatu iliingia giza kwa sababu mfumo mpya haukuelewana na kadi yake ya picha. Katika orodha ya mwanzo ya diski hubonyezwa herufi e, hutafutwa mstari unaoanza na neno linux, na mwishoni mwake huongezwa neno nomodeset; kisha hubonyezwa F10. Neno hilo huuambia mfumo utumie picha za kawaida kwanza. Mara nyingi kioo huwaka.

Katikati ya safari: herufi tatu zinazoamua

Kompyuta ya nne na ya tano ndizo zenye fundisho kubwa, kwa kuwa zote mbili zilisimama katikati na zote zilitoa maneno yaleyale ya Kiingereza, "Input/output error". Maana yake ni kwamba kompyuta iliomba kusoma au kuandika, ikashindwa. Wengi huishia hapo. Lakini habari yenyewe imo katika kumbukumbu za mfumo, zinazoonekana kwa kufungua dirisha la amri na kuandika sudo dmesg. Hapo kosa hutajwa pamoja na jina la kifaa.

Likitajwa sr0, kifaa ni kisomea diski. Kosa ni la diski iliyokwaruzwa, lenzi yenye vumbi, au uchomaji mbaya. Hilo lilikuwa la kompyuta ya nne. Diski ilichomwa upya kwa kasi ndogo, na mashine ikasakinishwa bila tatizo.

Likitajwa sda, kifaa ni diski kuu ya kompyuta, ile yenye kazi zote za miaka iliyopita. Hilo lilikuwa la kompyuta ya tano. Hapo jambo hubadilika kabisa, kwa maana si suala la usakinishaji tena. Diski kuu inayoshindwa kusomeka inakaribia kufa, na kila saa inayoendelea kuzunguka inaweza kuwa ya mwisho.

Katika mfano huu, ndani ya kompyuta ya tano mlikuwa na alama za tathmini endelevu za Kidato cha Tatu za mwaka mzima, na hapakuwa na nakala kwingine. Mwalimu alikuwa amebakiza hatua moja tu kuchagua kufuta diski yote na kuanza upya, akitumaini kwamba kufuta kungeondoa kosa. Angechagua hivyo, alama zingepotea, na diski mgonjwa isingepona.

Njia iliyo salama ni hii. Diski nyingi za Linux zina chaguo la kujaribu mfumo bila kusakinisha. Mfumo huo hukaa katika kumbukumbu ya muda tu, wala haugusi diski kuu mpaka uambiwe. Kwa hiyo kompyuta iliwashwa kwa diski iliyochomwa upya, likachaguliwa jaribio, diski kuu ikafunguliwa kama folda, na faili la alama likanakiliwa kwanza kwenye flashi kabla ya jambo jingine lolote. Picha na nyimbo hazikutangulizwa. Kilichotangulizwa ni kile kisichoweza kutengenezwa tena. Baada ya hapo ndipo diski kuu ilipotolewa ili ibadilishwe. Chombo kilichoonekana kuwa chanzo cha balaa ndicho kilichookoa alama za darasa zima.

Kuna alama nyingine ya kutambulia. Usakinishaji ukikwama kila mara mahali palepale, ishuku diski. Ukikwama kila mara mahali tofauti, leo asilimia ishirini, kesho themanini, ishuku kumbukumbu ya ramu au joto. Ramu hupimwa kwa programu iitwayo Memtest86+, ambayo imo katika diski nyingi za Linux, na ni vyema ikaachwa ifanye kazi usiku kucha. Ikionyesha makosa, vipande vya ramu hutolewa na kurudishwa kimoja kimoja, mpaka kilicho kibovu kijulikane.

Umeme nao husimamisha kazi katikati. Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018, kwa njia kuu ya kutoka Makambako kupitia Madaba. Kabla ya hapo mji ulitegemea majenereta ya dizeli. Hali imeboreka, lakini umeme ukikatika wakati diski kuu inagawanywa, madhara huwa makubwa kuliko wakati mwingine wowote. Kompyuta ya mezani iunganishwe na betri ya akiba, ya mapajani ichajiwe kwanza, na kazi isianzwe wakati mawingu ya masika yamefunga.

Imemaliza lakini haiwaki

Kompyuta ya sita ilimaliza kazi, kisha ikasema hakuna kifaa cha kuanzia. Kompyuta nyingi zina njia mbili za kuamka: ya zamani iitwayo BIOS, na mpya iitwayo UEFI. Mfumo uliosakinishwa kwa njia moja hauamki kwa nyingine. Kwa kawaida menyu ya vifaa vya kuanzia huandika diski moja mara mbili, pamoja na neno UEFI na bila neno hilo, na msimamizi huchagua bila kujua tofauti. Mfumo ukiwa umewashwa kwa diski, kuwapo kwa folda /sys/firmware/efi kunaonyesha kwamba njia iliyotumika ni UEFI. Njia ilinganishwe na mpangilio wa kompyuta, kisha usakinishaji urudiwe kwa njia moja tu.

Kuna na ugonjwa mdogo ambao huonekana mkubwa. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ya duara kama sarafu, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio. Ikiisha, kila kompyuta ikichomolewa husahau mpangilio wa kuanzia na kurudi kwenye tarehe ya miaka mingi nyuma. Tarehe ikiwa si sahihi, kurasa salama za intaneti hukataa kufunguka, na Linux hukataa kupakua programu, kwa kudhani kwamba orodha zake zimetoka siku ambayo bado haijafika. Betri hiyo hubadilishwa kwa bisibisi na dakika tano. Mashine iliyoandikwa kwenye orodha ya mali mbovu kwa sababu hiyo imeonewa.

Daftari

Fundi aliyebobea hutofautiana na anayebahatisha kwa jambo moja: hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha huandika. Anayebadilisha diski, ramu na mpangilio kwa mara moja, kompyuta ikiwaka hajui kilichoiponya, na ikizimika kesho ataanza upya. Kwa hiyo kila chumba cha kompyuta kiwe na daftari lenye safu tano: tarehe, namba ya mashine, kazi ilisimamia wapi, maneno yaliyoonekana kwenye kioo, na kitu kimoja kilichobadilishwa. Maneno ya kioo yasifupishwe. Yapigwe picha kwa simu. Mwalimu aliye Muhukuru, karibu na mpaka wa Msumbiji, akimtumia Afisa TEHAMA picha hiyo, anaweza kupata jibu kabla ya kupanda gari kuja mjini. Asemapo tu kwamba imekataa, hakuna msaada unaoweza kumfikia.

Yafaa pia kuyakazia mambo matatu ya wajibu.

La kwanza, hakuna usakinishaji bila nakala. Akiba haiozi, na nakala ya alama za wanafunzi au ya rejista ya wagonjwa ni akiba ya kwanza. Nakala ikae kwenye chombo kingine na katika chumba kingine.

La pili, diski kuu iliyotolewa haitupwi jalalani wala haiuzwi kama chuma chakavu ikiwa na taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na diski iliyokataa kusakinishwa bado inaweza kusomwa na mwenye nia mbaya.

La tatu, hakuna kompyuta inayopendekezwa kufutwa kwenye orodha ya mali kwa neno "mbovu" peke yake. Iandikwe ni nini kibovu: diski kuu, ramu, kisomea au kichakataji. Mashine yenye diski kuu mbovu na nyingine yenye ramu mbovu, zikiwekwa mezani pamoja, mara nyingi huzaa mashine moja nzima.

Katika mfano uliotolewa, hesabu ya mwisho ilikuwa hivi. Ya kwanza na ya sita zilihitaji mpangilio tu. Ya pili ilihitaji toleo linaloifaa. Ya tatu ilihitaji neno moja. Ya nne ilihitaji diski iliyochomwa upya. Ya tano peke yake ndiyo iliyokuwa na ugonjwa wa kweli, nayo ilitibika kwa kubadilishiwa diski kuu. Jumamosi ile jioni zote sita zilikuwa zimehukumiwa kuingia stoo.

Watoto wa shule hiyo wangeendelea kujifunza kompyuta kwa kuchorewa ubaoni. Ndiyo maana daftari la safu tano na saa moja ya subira si mambo madogo katika utoaji wa huduma. Kila msimamizi atakaporejea kituoni kwake, na afungue stoo, atoe mashine moja, aiwashe, na kabla ya kusema lolote asome kilichoandikwa kwenye kioo.